Omu Elfu Mbili na Mia Nne

Mwenye nyumba aliapa kwamba amezima kila kitu, na bado umeme ulikuwa unakwenda.

"Ampea nne," alisema fundi. Alikuwa barazani, mbele ya boksi la swichi kuu, kipimo chake kimeubana waya na penseli iko nyuma ya sikio. Mtaa mzima ulimwita Wati, na umri ulikuwa umeshampa haki ya kutokuwa na haraka. "Volti ni mia mbili arobaini. Nikigawa kwa nne napata ukinzani, omu sitini. Nikizidisha napata wati mia tisa na sitini. Hiyo ni pasi."

"Si nilikwambia? Mwizi!"

"Pasi yenyewe iko humu ndani mwako, bwana mkubwa."

Kweli. Chumbani mkewe alikuwa analinyoosha shati aliloagizwa na mumewe mwenyewe asubuhi ile. Mwenye nyumba alimfokea, pasi ikachomolewa, na mshale ukalala kwenye sifuri. Wati akajisikia vizuri, kwa sababu hakuna raha kama ya kutaja kitu usichokiona na kukipatia.

Mwizi aliyekuwa anasakwa ni mshonaji, mpangaji wa chumba cha nyuma. Wiki tatu nyuma mwenye nyumba alimkatia umeme kwa kosa la cherehani yake kumharibia usingizi wa mchana. Alitegemea mama yule afunge virago. Wapi! Taa yake iliendelea kuwaka na cherehani ikaendelea kunguruma. Sasa ulitakiwa ushahidi tu, na jioni hiyo hiyo yeye na wanawe watatu wangelala nje.

Mke alitokea barazani na shati mkononi. "Baba watoto, mwache mwanamke wa watu. Cherehani ile ndiyo mume wake."

"Nenda kamalizie kazi zako."

Hakwenda. Alikitazama kipimo kwa muda. "Fundi, hiki kinaonyesha na mahali waya ulipounganishwa?"

"Hapana, mama. Kinaonyesha kiasi cha umeme tu. Mahali tutapatafuta kwa macho tukimaliza hapa."

"Ahaa," alisema, akaingia ndani taratibu.

Mwenye nyumba alingoja mlango ufungwe. Kisha akasogea ukingoni mwa baraza na kupaza sauti mpaka majirani wakachungulia. "Fundi kafika! Sasa hivi tunakagua nyuma!"

Akarudi huku anasugua viganja. "Acha kipimo hapo hapo. Akisikia hivyo lazima akimbilie kuutoa."

"Kuutoa nini?"

"Wewe tazama mshale."

Wati hakuipenda sauti ile. Alitazama hata hivyo, maana ndiyo kazi aliyoitiwa. Dakika moja ikapita, na ya pili. Mwenye nyumba hakukaa chini. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyeahidiwa zawadi, na furaha hiyo ilimkosesha fundi raha.

Mshale ukainuka kidogo.

"Amefika!" mwenye nyumba alinong'ona.

"Sehemu ya kumi ya ampea." Wati alichomoa penseli na kuandika nyuma ya kiberiti. "Mia mbili arobaini kwa hiyo... omu elfu mbili na mia nne. Wati ishirini na nne." Akakunja uso. "Balbu haiwi hivi. Cherehani hailingani kabisa."

"Labda anachaji simu."

"Ingekuwa simu mshale ungetulia."

Mshale haukutulia. Ulikuwa unatetemeka na kupanda polepole. Wati akahesabu upya, na jibu likawa elfu mbili. Akahesabu tena akapata elfu moja na mia sita. Miaka arobaini alikuwa amepima pasi, majiko na mota za kila namna, na hakuwahi kuona kifaa ambacho ukinzani wake unashuka namna ile huku kinatumika. Kisha akamkumbuka fundi mwenzake mmoja wa zamani aliyeuawa na umeme kazini, akaitupa penseli.

"Bwana, huko nyuma umefanya nini?"

"Alfajiri niliukuta waya wake umening'inia pale anapoiba. Sikuutoa. Nilizima swichi kuu, nikauvua plastiki yote, nikauacha vile vile." Mwenye nyumba alicheka kwa pua. "Anayekuja kuutoa ataujua umeme ni nini."

"Hiki si kifaa! Huyu ni mtu, amekamata waya!" Wati aliruka kuelekea boksi. Mwenye nyumba akajitupa mbele yake, akaliziba kwa mgongo.

"Mwache kidogo! Ndiyo dawa yake!"

"Utaua!"

Walikabana. Fundi alikuwa mzee, lakini hofu ilimpa nguvu. Alimsukuma mwenzake ukutani na kuivuta swichi chini. Mshale ukaanguka kwenye sifuri. Nyuma ya nyumba kilisikika kishindo, kisha kimya.

Mwenye nyumba alitengeneza kola yake bila haraka. "Haya. Sasa twende tukamwone mwizi wetu."

Geti likalia. Mshonaji akaingia kutoka barabarani, jasho linamtoka, mabunda ya nyuzi yamemjaa mikononi.

"Za asubuhi, baba?" alisalimia kwa heshima. "Mama yupo? Nimemletea vifungo vyake."

Mwenye nyumba akageukia mlango wa ndani na kumwita mkewe. Akamwita tena.