Kesho Ziwani

Chubwi! Kisha kicheko. Kisha chubwi tena, na mayowe ya watu wanaorushiana maji.

Aliyasikia yote hayo akiwa gizani, kwenye ngazi nyembamba ya ngome kuukuu, mkono wake ukivutwa na Kamanda. Ziwa lilikuwa pale pale nyuma ya ukuta. Familia nzima ilikuwa majini, isipokuwa wao wawili.

"Panda," alisema Kamanda.

Hilo ndilo jina alilompa moyoni tangu likizo ianze, na lilimkaa sawasawa. Kamanda ndiye aliyeshika funguo za gari, chupa za maji na ratiba. Kamanda ndiye aliyeamua nani aende haja, na lini.

"Miguu inauma."

"Ulipokuwa unakula ilikuwa haiumi."

Mwongoza watalii, mama mmoja mwenye tochi aliyekuwa ametangulia, aligeuka. "Dada, mwache akae kidogo. Hapa pana jiwe zuri."

"Akikaa atazoea," Kamanda alijibu, wala hakupunguza mwendo.

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Kitu alichokitaka katika likizo hii kilikuwa kimoja tu: kutia miguu ziwani. Si kuogelea, si kupanda mtumbwi. Miguu tu, mpaka magotini. Jumatatu aliomba, akapelekwa makumbusho kutazama vyungu vilivyovunjika. Akaomba tena, akapelekwa pangoni, popo wakamnyea begani. Aliposhika adabu yake asiombe kitu, alipelekwa kwenye maporomoko. Huko aliona maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona, kwa mbali, nyuma ya wavu. Na kila usiku Kamanda alimfunika shuka, akazima taa, akasema maneno yale yale: "Kesho ziwani. Nakuahidi." Asubuhi gari lilikata kona upande mwingine.

Maneno hayo yalimkera kuliko popo. Alihisi amewahi kuyasikia mahali, kwa sauti nyingine, lakini hakukumbuka ni ya nani.

Wakatokea uani mwa ngome. Jua liliwapiga kama kofi.

"Haya, ngome hii ilijengwa kwa ajili gani?" Kamanda aliuliza. Kila kituo kilikuwa na mtihani wake. Asiyejibu hapati soda.

"Kwa ajili ya kutesa watu."

Mwongoza watalii alicheka, akajifanya anakohoa.

"Umekosa. Basi na soda umeikosa."

"Jana si nilipata yote, na soda sikuiona!"

"Sukari inaozesha meno."

"Meno gani?" Akapanua mdomo, akamwonyesha pengo.

Kamanda alifungua chupa, akatia mrija, akainywa mwenyewe, taratibu, akimtazama usoni, mpaka mrija ukakoroma.

Hapo ndipo alipoapa. Mtenda husahau, alijisemea, mtendwa hasahau. Na yeye hatasahau. Itafika siku Kamanda naye atavutwa mkono kwenda asikotaka. Naye atakauka koo huku mtu akinywa mbele yake. Naye ataomba kitu kidogo, kidogo kabisa, anyimwe huku akichekewa.

Akatafuta silaha ya karibu. Kofia! Ilikuwa ya majani, pana kama ungo, yenye kamba ya kufungia kidevuni. Alivalishwa kwa nguvu siku ya kwanza, na tangu hapo alifanana na uyoga. Katikati ya ua palikuwa na kisima kikavu. Akajikokota mpaka ukingoni, akafungua kamba, akaiachia. Kofia ilishuka ikizunguka, giza likaimeza. Akageuka, kidevu juu, akingoja kufokewa. Raha iliyoje!

Kamanda hakufoka. Alitia mkono mkobani, akatoa kofia nyingine, pacha wa ile.

"Nilijua," alisema. "Hata mimi ya kwanza niliitupa humo humo."

Akamvika, akamfunga kamba. Safari hii aliikaza zaidi.

Juu kabisa ya ngome palikuwa na mzinga wa chuma wa vita vya kale, mdomo wake umeelekea ziwani. Kutoka hapo alijionea mwenyewe: maji yanang'aa, vichwa vya ndugu vinazama na kuibuka, mtu mmoja amekaa ukingoni, ametia miguu tu, mpaka magotini.

"Kesho tunaondoka alfajiri," alisema, sauti ikimtetemeka. "Sasa ziwani lini?"

Kamanda alimkalisha juu ya mzinga, uso kwenye jua, akampa mwongoza watalii simu. "Tupige picha. Iwe kama hii." Akachomoa kwenye pochi picha ya zamani, kingo zimelika.

Yule mama aliitazama. Mzinga ule ule. Juu yake amekaa msichana mdogo, kofia ya majani imefungwa kidevuni, mashavu yamelowa machozi. Nyuma yake amesimama mwanamume mwenye masharubu meusi, kifua mbele, soda mkononi. Mama akayatazama masharubu yale, kisha akainua macho kuyatazama haya yaliyokuwa mbele yake, meupe pe, chini ya kofia.

"Kumbe mzee umewahi kufika hapa!"

Mzee alikuwa ameikumbuka ile sauti: ilikuwa yake mwenyewe.

"Tabasamu, Baba," alisema binti yake, akisimama nyuma yake, kifua mbele, chupa mkononi. "Kesho ziwani. Nakuahidi."