Mkono Uliochelewa Kufika

Mkono wa Baba ulianguka juu ya mkeka wakati mwanawe, huko kiwandani Taiwan, bado amekaza macho kwenye simu, akisubiri mkono huo uguse paji la uso wake ili apate baraka.

Luzviminda, aliyeshika simu nyumbani, kisiwani Samar, alimwona mdogo wake vizuri, hata jasho la kwenye nyusi. Yeye kule alikuwa akiona picha iliyoganda. Fundi aliyewafungia intaneti alijigamba kwamba filamu zitashuka kama mvua. Na kweli, kinachoingia nyumbani kinaingia mbio. Kinachotoka kinatambaa kama konokono, na hilo hakuna aliyemuuliza.

"Dada, bado mmeganda," alisema mdogo wake. "Baba ameshanyoosha mkono, au bado kaninunia? Mwambie sibanduki hapa."

Luzviminda aliweka kiganja karibu na pua ya Baba. Hapakuwa na pumzi. Kwenye kona ya mdomo, uji wa tangawizi ulikuwa haujakauka.

Akafungua kinywa aseme.

"Ee, umefika!" mdogo wake akapiga kelele. "Nauona mkono, Dada! Unatetemeka, maskini mzee wangu. Mwambie asiuondoe kwanza."

Akaanza kuinama, kisha akasita.

"Mbona anaushusha? Baba, ndiyo kwanza nainama!"

Luzviminda akauinua ule mkono kutoka mkekani, ungali na joto, akaushikilia mbele ya simu.