Ukuta wa Jikoni

Mkono wa fundi cherehani ulikuwa umeshaufikia ukuta wa jikoni kabla mwenyewe hajajua anataka kufanya nini.

Dalali alisimama mlangoni akichezea funguo. Alishawaambia fundi na mumewe wachague leo: ama nyumba hii ya mtaa wa zamani, iliyobanana na za jirani, ama ile ya mtaa mpya kule juu.

"Mke wangu, tusijizungushe," alisema mumewe. "Kule kuna uwanja, kuna uzio. Hakuna anayemsikia mwenzake."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Fundi alitelemsha vidole. Ukutani, usawa wa kiwiko, rangi ilikuwa imebanduka na pamebaki kishimo kidogo, laini kama ndani ya kijiko cha mbao. Marehemu mama yake alikuwa na kishimo kama kile jikoni kwake. Kila jioni aligonga pale kwa pete yake, na kabla maji ya chai hayajachemka, jirani alikuwa ameshaingia na kigoda chake, akilalamika kwamba amesumbuliwa.

Akakunja kidole, akagonga mara mbili.

Dalali akacheka. "Nyumba tupu hii, dada. Nani akuitikie?"

Mumewe akatazama saa.

Kisha upande wa pili kigoda kikaburutwa, na sauti ya bibi kizee ikapenya ukutani, yenye ukali wa kujifanya:

"Haya, leo umeishiwa nini tena? Chumvi au kiberiti?"