Jinzi Iliyokomaa

Jinzi ya Ndesario ilikuwa na mwaka mzima haijaonja maji. Ndilo sharti lake: ukiifua kabla haijakomaa, inakusahau wewe na njia zako. Mkewe, Anaeli, alikuwa ameshachoka na ile harufu. "Baba Upendo, ng'ombe mzima umeuza kwa ajili ya suruali inayonuka?"

Jumamosi hiyo ikakomaa. Ilishuka yenyewe kitini, ikasimama wima bila mtu ndani, magoti yamepauka palepale anapoyakunja yeye. Ndesario akaruka kama mtoto. "Njoo uone! Inatembea! Hata kuchechemea, inachechemea kama mimi!"

Anaeli akatoka jikoni mbio, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hapo hata yeye alikubali kwamba ng'ombe hakwenda bure. Wakaipigia makofi ilipozunguka meza, ikatoka mlangoni, ikafika getini.

Ilikuwa saa kumi, saa ya Ndesario kwenda mazoezi ya kwaya. Kanisa liko kulia. Jinzi ikakata kushoto, haikusita hata kidogo.

"Ngoja niikamate, itapotea!" Ndesario akasema.

"Haiwezi kupotea hiyo, umeifundisha mwenyewe," Anaeli akamjibu, akijifunga kanga vizuri. "Wewe kaa na mtoto. Mimi naifuata."