Picha Juu ya Spika

Tangu jana yake, kila taarabu ilipokolea, spika ya kulia ilikwaruza kama mtu mwenye kikohozi. Bi Riziki akamwita fundi Shomari. Fundi alibana nyaya, akapuliza vumbi, wapi! Mwishowe akaishika kwa kiganja picha ya marehemu mume wa Bi Riziki, iliyosimama juu ya spika katika fremu yake ya kioo. Sauti ikatakata.

"Mama, spika ni nzima. Kinacholia ni kioo cha picha. Hapa hapakuwa na kitambaa?"

Kilikuwapo, cha kufuma. Alikifua jana, bado kiko kambani.

Fundi akaihamishia picha mezani. Wimbo ukatoka safi, kila uzi wa fidla unausikia. Bi Riziki alisikiliza hadi kwenye kiitikio. Marehemu hakuwahi kukiacha kiitikio kile kipite bila kukidakia, kwa sauti yake mbovu, siku zote nyuma kidogo ya mwimbaji.

Akainuka, akairudisha picha juu ya mbao tupu za spika.

"Itakwaruza tena, mama."

"Mwache aimbe, mwanangu."

Akaongeza sauti. Uani kitambaa kilikuwa kimekauka zamani, kikipepea kambani, na hakwenda kukianua.