Kochi la Kufukuza Paka

Mwenye mtoto mdogo na asikie haya. Enzi hizo makochi yote yalitoka kiwandani na sauti ya kufukuza paka, sauti nyembamba ambayo sikio la mtu mzima haliipati. Mashavu alilipenda lake. Paka wake, Chausiku, alizoea kulala juu ya mito na kuacha manyoya. Haukupita muda akashika adabu, akahamia mkekani.

Kisha binti mdogo wa Mashavu, Raya, naye akahamia mkekani.

"Shoga, mtoto umemfunza!" alisema jirani yake, Bi Tatu, akijinyoosha kochini. "Wangu mimi, wageni wakija anawapanda vichwani."

"Adabu ya nyumbani hiyo," Mashavu akajibu, kichwa kikamvimba.

Siku moja Raya alishikwa na homa. Mashavu akakaa kochini, akamnyooshea mikono.

"Njoo mama, njoo nikupakate."

Mtoto akaja mpaka ukingo wa mkeka, akasimama anatetemeka, viganja masikioni.

"Shuka wewe, mama. Kochi linapiga kelele."

Mashavu akatega sikio. Kimya. Akalaza sikio kwenye mto. Kimya. Ndipo akakumbuka jinsi alivyojivunia mtoto kukaa mbali naye. Akaizima ile sauti palepale, akashuka kumkumbatia.

Chausiku alipanda kochini siku ileile. Raya amepona, lakini mpaka leo mama yake akikaa pale na kumwita, humtazama tu kutoka mkekani.