Togwa Isiyochachuka

Tangu sheria iamuru nafaka zote zichanganywe na poda ya kijivu, hakuna mtoto aliyezikwa kwa sumukuvu. Sekunda aliishukuru poda hiyo. Masomo ya jioni yalimfundisha kwamba kuvu hutengeneza sumu kwa vimeng'enya vyake, na poda huvizima. Kwa ajili ya binti yake Ida, alichoma kibuyu cha mwisho cha kimea cha mama yake, unga wa nafaka iliyooteshwa, usioguswa na poda.

Sasa mama alikuwa hoi kitandani, hamu yake togwa tu. Sekunda alipika uji, akatia kimea cha dukani, akangoja siku tatu uchachuke.

Mama alionja. "Hii togwa au gundi, wewe?"

"Nisamehe, mama. Kumbe poda imezima hata vimeng'enya vya kimea."

"Ungejua, kibuyu changu ungekiacha?"

Sekunda alimtazama Ida akicheza sakafuni.

"Basi lete, mwanangu, ninywe hivyohivyo."

Wiki moja baada ya mazishi, Ida alikinusa kikombe kilichobaki dirishani.

"Mama, mbona uji wa bibi bado mzima, hata haujaoza?"